Neno la Mwenye Nyumba

Kinasa joto kilikuwa kimebaki ndani ya Koo, kule juu mlimani, na mkuu wa kituo alikitaka mezani kwake asubuhi kabla hajamaliza chai. Ndiyo maana Jumanne ile, saa tisa alasiri, wakati watu wenye akili zao wanaanza kutazama saa ya kurudi nyumbani, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunafunga viatu vya kupanda mlima.

"Kwani kesho hakuna?" mdogo wangu alisema. "Mlima utahama usiku?"

"Beba mkoba."

"Nabeba. Nauliza tu. Siku hizi mtu akiuliza ni kosa?"

Kituoni tulimwita Lawama, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, ana mke na binti, ana mgongo wa kubeba betri mbili za gari mpaka juu. Ila hakuwahi kubeba hata kijiko kimyakimya. Jua likiwaka alilaumu jua. Mvua ikinyesha aliuliza jua limekwenda wapi. Mama yetu, siku zake za mwisho, aliniita kitandani akaninong'oneza, "Huyu mtunze wewe. Wengine atawachosha." Nikaahidi. Nilikuwa nimemtunza miaka kumi na moja, huku nikimfokea kila siku, na hakuna mtu duniani niliyempenda kama yeye.

Kazi yetu ilikuwa kupima homa ya mlima. Kisiwa chetu kizima ni mlima uliotapika ukapoa. Ukichimba choo unakutana na lava. Ukijenga nyumba, mawe yake yaliwahi kuwa uji wa moto. Watu huja kutoka mbali kutembea juu yake, wakipiga picha na kuokota vile vijiwe vyepesi vinavyoelea majini, na kazi ya kituo ni kuhakikisha wanarudi na miguu yote miwili. Tuna vipimajoto kwenye nyufa, tuna vyombo vya kupima hewa mbaya, na tulikuwa na kinasa joto kimoja ndani ya Koo, ambacho wiki ile kiliacha kutuma habari.

Saa nzima ya kwanza ni changarawe nyeusi. Unapanda hatua mbili, unateleza moja. Halafu unafika kwenye lava ya zamani, iliyoganda ingali inatembea, imejikunja kama shuka lililosukumwa na miguu. Hapo unatazama unapokanyaga, kwa sababu ngozi ya juu ni nyembamba na chini yake mna uwazi. Mguu ukizama, unakatwa kama na chupa. Juu zaidi yapo matundu ya mvuke, yenye kingo za manjano na harufu ya yai viza. Lawama aliyalaumu matundu. Alilaumu viatu vyangu kwa kumtimulia vumbi. Aliulaumu na ukungu, ambao siku ile uliteremka mapema, mzito, wa baridi, ukafuta njia nyuma yetu.

Tulifika kwenye Koo jua likielekea kuzama.

Koo ni handaki. Zamani mto wa lava ulipita hapo. Juu ukapoa ukawa dari, chini ukaendelea kutiririka mpaka ukaisha wote, ukaacha bomba tupu la mawe. Kwenye kuta imebaki michirizi inayoonyesha kila kiwango ambacho moto ulifikia. Hatua arobaini kutoka mlangoni ipo nguzo nene katikati. Inaigawa njia kuwa mbili, kisha njia zinaungana tena. Mbele kidogo dari liliporomoka miaka mingi iliyopita, na mawe yameziba kote. Kule hakuna pa kupita. Hilo nataka lieleweke mapema.

Watu wa kazi yetu hawaingii Koo kama wanavyoingia sokoni. Anaingia mmoja. Mwingine anabaki mlangoni na saa, na kila dakika tano anaita, "Hodi!" Aliye ndani anajibu, "Nipo!" Humo hulala hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza mtu taratibu huku akijiona mzima. Asipojibiwa anarudia papo hapo, na hodi tatu zisipojibiwa, wa nje anajifunga kitambaa puani na kuingia kumtoa mwenzake.

Na jibu ni "nipo" tu. Si "naam", si "ee". Na kamwe si "karibu".

Aliyenifundisha kazi, mama mmoja mkali tuliyemwita Bi Vipimo, alinitandika kofi la mgongo siku ya kwanza niliposahau. Nikajitetea kwamba mtu akipigiwa hodi hujibu karibu, ndivyo tulivyolelewa.

"Karibu ni neno la mwenye nyumba," alisema. "Wewe humo ndani ni mwenye nyumba?"

Nilidhani ni ukali wake tu. Nilidhani ni habari ya mwangwi, kwamba neno fupi linasikika vizuri zaidi. Mimi ni mtu wa mawe na namba. Mambo ya mashetani niliwaachia wasio na kazi.

"Ingia wewe," Lawama alisema, akaketi juu ya jiwe na saa yake. "Mimi nikitoka humo nanuka, halafu mke wangu ananilaza sebuleni."

Nikaingia.

Tochi yangu ilimulika kuta zinazong'aa kwa unyevu. Tone… tone… tone. Humo mlikuwa na joto la chumba alicholala mgonjwa. Nikaipita nguzo.

"Hodi!" Sauti ya Lawama, mlangoni, nyuma yangu.

"Nipo!"

Kinasa joto kilikuwa mahali pake, kimefungwa ukutani kwa skrubu nne, jirani na pale dari lilipoporomoka. Nikapiga magoti. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa na kutu, ikanichosha mkono.

"Hodi!"

"Nipo! Punguza kelele!"

"Nikipunguza ukafa, atalaumiwa nani?"

Nilicheka peke yangu gizani. Skrubu ya tatu. Kichwa kilikuwa kizito kidogo. Jasho liliniingia machoni, bisibisi ikateleza, nikalaani, nikaanza upya. Mawazo yangu yalikuwa nyumbani, kwenye sahani nilizoziacha bila kuosha.

"Hodi…"

"Karibu," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Ndivyo ninavyolisema kila siku nikiwa jikoni, mikono ina povu, jirani yuko mlangoni. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wahenga hawakuwahi kufika Koo. Nililisikia neno langu likienda, likigonga mawe, likinirudia limepungua… karibu… ribu…

Ndipo nikatambua mambo mawili.

Dakika tano zilikuwa hazijatimia.

Na ile hodi haikutoka nyuma yangu. Ilitoka mbele. Kule kwenye mawe yaliyoziba.

Nikamulika. Mawe. Mawe matupu yaliyobanana, hata panya hapenyi. Tone… tone… Kisha hata tone likanyamaza.

Jiwe moja dogo likabingirika.

Likafuatiwa na hatua. Pekupeku. Nyayo zenye majimaji juu ya mwamba… chwa… chwa… chwa… Tochi yangu ilikuwa inamulika palepale na hapakuwa na mtu. Hatua zilikuja mpaka usawa wa bega langu. Nikasikia harufu. Haikuwa ya yai viza, hiyo nimeizoea. Ilikuwa harufu ya udongo mkavu unapopata mvua ya kwanza. Harufu nzuri. Iliniogopesha kuliko uvundo wowote.

Hatua zikasimama.

Kitu kilivuta pumzi sikioni mwangu, polepole, kwa shida, kama mtu anayejaribu nguo mpya.

"Hodi!" Huyu alikuwa Lawama, mlangoni, na kero zake zote. "Dada! Unanisikia?"

Sikujibu. Nilihisi kwamba neno lolote nitakalolitoa, hiki kilicho begani kitalichukua.

"Hodi! We dada, usinitanie bwana!"

Nikauma ulimi.

"Hodi!"

Ya tatu. Nilijua kanuni, na yeye aliijua. Sasa angejifunga kitambaa na kuingia.

Hapo miguu yangu ilipata akili kabla ya kichwa. Nikaacha kinasa joto, nikaacha bisibisi, nikakimbia. Nilipofika kwenye nguzo nikapita upande mmoja, na upande wa pili nikaona mwanga wa tochi ukipita kuelekea ndani.

Ningeita. Ningesema tu, "Mdogo wangu, rudi." Maneno matatu. Sikuyasema, kwa sababu sikuwa na hakika mwanga ule ni wa nani, na kwa sababu niliogopa. Sitaki kupaka rangi jambo hili. Niliogopa, nikampita ndugu yangu.

Nje hapakuwa na mtu. Mkoba wake ulikuwa juu ya jiwe, na saa juu ya mkoba, ikihesabu. Ukungu ulikuwa umefika mpaka mlangoni. Nilitakiwa kupiga hodi. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Dakika moja. Dakika tatu.

Akatoka.

Hakuwa na tochi. Hakuwa na kitambaa puani. Alitoka polepole, akisugua bega lake kwenye ukuta, akasimama mbele yangu, na mkononi alikuwa ameshika kinasa joto. Kwenye skrubu ya nne, ile ambayo sikuigusa, lilikuwa limening'inia pande la mwamba.

"Uko salama?"

"Salama," akasema.

"Tochi yako iko wapi?"

"Tochi iko… ndani."

Nikamkumbatia. Alikuwa na joto. Moyo wake ulidunda kifuani pangu, nauapia moyo ule, ulidunda kabisa. Nikalia kidogo, nikajifuta, tukaanza kushuka.

Giza lilikuwa linaingia ndani ya ukungu. Alibeba mkoba wake na wangu. Nilingoja aulalamikie uzito. Nilingoja anifokee kwa kutomjibu, maana kwa hilo alikuwa na haki. Tukapita matundu ya mvuke. Tukapita lava ya mikunjo, ambako kila safari huwalaani walioiumba dunia bila ngazi.

Kimya.

"Mbona husemi?"

"Sisemi," alijibu. Kisha baada ya kitambo, "Nimechoka."

Nikajikaza, nikauliza kama mtu anayepiga soga. "Hivi mama alikuwa anatuitaje tukigombana?"

"Tukigombana…" Hatua mbili, tatu. "Paka na panya. Wewe ulikuwa paka."

Ilikuwa kweli. Nikashusha pumzi. Nikajiambia, mjinga wewe, hewa nzito imekupanda kichwani, ndugu yako si huyu hapa anatembea?

Ndipo nikasikia. Juu, mbali, nyuma ya ukungu…

"Dada!"

Nikasimama.

"Dada… nipo! Nipo! Unakwenda wapi na mkoba wangu?"

Nani mwingine duniani angeachwa gizani mlimani akaanza na mkoba?

Yule wa kando yangu aliniwekea mkono begani. Ulikuwa na joto, na kwenye kidole gumba lilikuwepo kovu la kuungua na maji ya betri, kovu ambalo niliwahi kulifunga bandeji mwenyewe.

"Mwangwi," akanong'ona.

"Mwangwi wa nani? Hakuna aliyeita."

"Hakuna aliyeita," akakubali.

Mmoja wao alikuwa mdogo wangu. Kama ni huyu, basi kule juu kilikuwepo kitu nilichokikaribisha kwa ulimi wangu, kinachojua kuniita dada na kinachotaka nirudi humo gizani. Kama ni yule… Nilijaribu kulifikiri hilo mpaka mwisho na sikuweza. Sauti iliita tena. Safari hii haikulaumu chochote. Ilikuwa inalia.

Nikashuka.

Nyumbani kwa mdogo wangu taa ilikuwa inawaka. Mlango ulikuwa wazi, mlango wake mwenyewe, aliouning'iniza kwa mikono yake huku akizitukana bawaba. Alifika kizingitini akasimama.

"Hodi," akasema.

Wifi yangu alitokea na mwiko mkononi, akacheka. "Leo umekuwa mstaarabu! Karibu basi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Nilinyoosha mkono nimzibe mdomo. Nilikuwa nimechelewa. Akaingia, akavua viatu, akaketi, na binti yake akamrukia mapajani.

Jumatano asubuhi wifi alinijia kituoni, amejifunga kanga ya kutokea, uso unang'aa. Nikajua ameona. Nikamvuta nyuma ya ghala.

"Wifi, huko mlimani mmemfanya nini mume wangu?"

"Kwa nini?"

"Amekula bila kusema chumvi imezidi. Na ilizidi! Mimi mwenyewe ilinishinda. Namsimulia habari za jirani, ananirudishia neno langu la mwisho… yaani tangu anioe, jana ndiyo kwanza ananisikiliza. Kuoga akaenda bila kuuliza nani kamaliza sabuni."

"Alilala?"

"Alisema hana usingizi. Alikaa kwenye kiti anamtazama mtoto mpaka kukakucha." Akaninong'oneza, akicheka, "Kama ni ugonjwa, wifi, Mungu amjalie asipone."

Ningemwambia nini? Nilicheka naye.

Taarifa nilikuwa nimeshaiandika. Kipimo cha hewa nilichokuwa nimevaa kiunoni kilionyesha hewa nzito imepanda, na hilo halikuwa uongo. Mkuu wa kituo aliisoma, akapiga simu mbili, akaamua: njia ya mlimani ifungwe leo hii, na Koo lizibwe kwa ukuta siku ya Ijumaa, kabla mtembezi fulani hajaingia kupiga picha akafia humo. Mchana ule nilikwenda mpaka kwenye kizuizi. Mlinzi akanikatalia, akasema amri ni amri hata kwa wafanyakazi. Nilimbishia kwa sauti kubwa. Ukweli ni kwamba alipozidi kukataa nilishukuru.

Alhamisi nikampigia simu Bi Vipimo. Alistaafu zamani, anaishi upande wa pili wa kisiwa na hapendi kusumbuliwa. Nilimweleza yote, nikiwa nimejifungia chooni kituoni ili nisisikike.

"Ulisema karibu?" aliuliza.

"Lilinitoka."

Nilimsikia akivuta kiti, akiketi.

"Na mimi niliwahi kubaki mlangoni," akasema, kwa sauti ya chini sana. "Miaka hiyo wewe ukiwa shuleni. Mwenzangu alikuwa ndani. Nikamsikia anamkaribisha mtu. Jioni nikashuka naye. Aliishi miaka ishirini baada ya hapo. Mtu mpole ajabu. Kila mtu alimpenda."

"Na kule juu? Hukusikia kitu?"

"Nilisikia. Nilikuwa natoka nje jioni nasikiliza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu."

"Ya nne je?"

"Ya nne kulikuwa kimya."

"Nani alikuwa anaita, Bi Vipimo? Ni yeye, au ni… kile?"

"Sijui, mwanangu. Sikwenda kuuliza." Pumzi zake zilikuwa nzito. "Humo mna maji yanayodondoka. Mtu anaweza kukaa siku chache, ila wazee walisema hatoki mpaka apigiwe hodi. Usinipigie tena."

Akakata.

Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto, ingawa naishi kwa namba.

Ijumaa tulipanda watu watano: mkuu wa kituo, mafundi wawili wa kujenga, mimi na yeye. Hapakuwa na ukungu. Mlima wote ulionekana, mweusi, mzuri, na bahari chini pande zote. Alibeba mifuko miwili ya saruji, mmoja kila bega, changarawe ikimteleza chini ya miguu, na hakutoa neno. Fundi mkubwa alimsifu. Akasema angepata vibarua kumi wa namna hiyo angejenga mpaka mbinguni.

Ukuta ulipanda upesi. Mawe hayakuwa ya kutafuta. Yeye aliyaokota, mafundi wakayapanga, mimi nikasimama na kipimo cha hewa nikisoma namba ambazo sikuziona. Kila jiwe lilipowekwa nilisikiliza. Koleo likikwaruza. Fundi akipiga mluzi. Kutoka ndani, hakuna. Mchana wa siku ya nne, na hakuna.

Saa nane lilibaki pengo moja la ukubwa wa uso wa mtu.

"Kanuni ni kanuni," mkuu alisema. Alikuwa amesimama mbali, leso puani, akiiogopa hewa ambayo nilimwandikia mwenyewe. "Hodi tatu kabla ya kufunga. Hiyo kazi ni yako."

Mafundi wakateremka kuchota maji ya saruji. Nikasogea kwenye pengo. Yeye alibaki nyuma yangu, karibu kiasi cha kunigusa, na jiwe la mwisho mikononi.

Nikaingiza uso. Giza. Joto. Tone… tone… tone.

Nilichotakiwa kufanya ni kidogo sana. Neno moja, mara tatu. Aliye ndani hajibu mpaka aitwe. Ndivyo tulivyofundishwa, na Lawama pamoja na manung'uniko yake yote hakuwahi kuivunja kanuni ya kazi, labda Jumanne ile tu, kama ni yeye aliyeita. Kama alikuwemo humo, amelala kwenye mwamba, midomo imekauka, alikuwa anangoja nimwite. Na nikimwita akasema "nipo", ningebomoa ukuta kwa kucha zangu. Halafu? Ningegeuka nimtazame aliyesimama nyuma yangu na kumwambia nini? Wifi ningemwambia nini, na mtoto anayelala mapajani pa huyu? Na kama sauti hiyo si yake, kama ni ileile iliyosema hodi mara ya kwanza, basi ningekuwa nimeifungulia mara ya pili. Nilimwahidi mama. Nilikuwa nalia, na machozi yalidondokea upande wa ndani.

Kwa mlango wa nyuma wa akili nilijua vilevile jambo jingine, na hili sijamwambia mtu. Niliogopa kujibiwa kuliko nilivyoogopa kimya.

Nikafungua midomo.

Nikaifunga.

Nikafungua tena, nikafunga. Mara tatu. Haikutoka sauti hata ya kumwamsha nzi.

Nikatoa uso wangu kwenye pengo.

"Kimya?" mkuu aliuliza kutoka mbali.

"Kimya," nikasema.

"Kimya," akarudia aliyekuwa nyuma yangu.

Alinipisha kwa adabu, akainua jiwe la mwisho, akalizungusha mpaka likapata pembe yake, akalipachika. Hakulisukuma kwa nguvu. Akachota saruji kwa kiganja, akaziba kingo polepole, akalainisha kwa kidole gumba chenye kovu. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akaniinamia. Nikasikia ile harufu ya mvua ya kwanza.

"Asante, dada," akasema.

Akachukua mkoba wake, akachukua na wangu, akatangulia kushuka. Nami nikamfuata.